Berwyn, Jeneza na Wabeba Boksi

Nilipohamia Berwyn, magharibi ya Chicago, sikujua kwamba jina la mahali ninapolala ni kichekesho. Nilifuata kodi nafuu tu. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mzee mmoja akaniuliza nakaa wapi. Nikamjibu. Akavuta pumzi, akapiga ukelele "Beeerwyn!" hadi jirani yake wa chumba cha pili akaitikia. Nikadhani maradhi yamempanda.

Jibu nililipata Jumamosi, saa moja usiku. Mzee huyo namwita Babu. Maana yake haijui lakini anaitika. Saa hiyo humwambii kuoga wala kulala, anamsubiri Svengoolie atoke kwenye jeneza. Huyu ni mtangazaji wa kituo cha televisheni cha MeTV, mwenye kofia ndefu nyeusi, nywele za bandia na macho yaliyozungushiwa weusi. Anafungua mfuniko, anaanza kuitania sinema ya kutisha anayokuonyesha usiku huo. Ikikatika kwa matangazo, anarudi kukueleza yule mwigizaji ni nani na alicheza wapi kwingine, kisha anatoa vichekesho vibovu hadi anarushiwa kuku wa mpira. Na Berwyn lazima aitaje, kwa ukelele uleule. Utani huo una umri kunizidi mimi.

Kiingereza changu ni cha shifti, kwa hiyo nusu ya maneno ilinipita. Lakini kitu chenyewe nilikuwa nakijua. Nimekulia Tandika, Dar es Salaam, kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatutoka, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa sinema, inawasemesha Kiswahili watu ambao hawajawahi kufika hata Zanzibar. Sinema ambayo haijatafsiriwa tuliiona kama wali bila mchuzi. Lufufu aliongea juu ya picha bila kupumzika. Svengoolie anangoja ikatike. Mimi tofauti nyingine siioni.

Babu akipata msikilizaji hunipa ukoo wote wa watangazaji wa namna hii. Los Angeles walikuwa na Vampira tangu 1954. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems ikavikodisha vituo vya televisheni furushi la sinema 52 za studio ya Universal, nyingi za kutisha na zilizokwisha kuzeeka, na vituo vikatafuta watu wa kuzichangamsha. Kila mji ukapata mzuka wake. Chicago wakampata Jerry G. Bishop, Svengoolie wa kwanza, mwaka 1970. Rich Koz alianza kama mtazamaji tu, akimtumia vichekesho, mpaka wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1979 akaingia hewani kama Mtoto wa Svengoolie. Aliporudi tena katikati ya miaka ya 1990, Bishop alimwona ameshakua, hana haja ya kuitwa mtoto, akamwachia jina zima. Hapo Babu hunyamaza kidogo. Nami nawaza jina la marehemu babu yangu, ambalo sasa analo mpwa wangu wa miaka minne.

Nilimtumia mama kipande cha video. Kwao ilikuwa saa tisa usiku, akakiona alfajiri baada ya sala. Sauti yake ikaja: "Mwanangu, mtu anatoka kwenye jeneza, na wewe unacheka? Ndiyo kazi uliyoifuata huko?" Sikuwa na jibu. Kwetu jeneza si la kuchezea, na mimi mwenyewe Jumamosi ya kwanza nilisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo.

Majuzi wameonyesha sinema ya vichekesho, Abbott na Costello wanakutana na Frankenstein, ya 1948. Babu alisinzia kabla ya nusu. Asubuhi akanidai hadithi, nikakaa kitandani pake nikaanza. Wapo wabeba boksi wawili, nikamwambia, wabeba boksi kweli kweli, wa stesheni ya mizigo, kama tunavyoitwa sisi tuliokuja huku kufanya vibarua. Boksi moja lina Drakula, la pili lina lile dubwana la Frankenstein. Drakula anautaka ubongo wa yule mnene aupachike kwenye dubwana, kwa sababu ni mtu asiye na ubishi. Hapo nikanogewa. Nikaongeza msimamizi anayewakata masaa ya ovataimu, na mama mmoja Tandika anayepiga simu kila boksi likianza kutikisika.

Babu akanikazia macho. "Hiyo sehemu haimo."

"Ulikuwa umelala."

Akachukua soksi yake, akanirushia, akapaza sauti: "Beeerwyn!"