Jinsi nilivyopata zamu inayoniruhusu kumhudumia mama

Wasiwasi umepungua, sasa naweza kuandika. Ratiba mpya iliniweka kazini jioni, saa zilezile ambazo mama, aliyepooza upande mmoja, huhitaji kulishwa, kugeuzwa na kupewa dawa. Kubadilishana zamu na wenzangu hakukudumu. Kumweleza msimamizi kwa mdomo kukaishia kwenye "tutaona". Barua ya "matatizo ya kifamilia" ikajibiwa kwa pole tu.

Kilichosaidia ni barua mpya kwa idara ya utumishi. Nilitaja kifungu kinachokataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya familia (nchi zilizoridhia Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa 1981, zina wajibu wa kulenga kuondoa ubaguzi huo katika sera zao). Nikaeleza ndugu niliowaomba na kwa nini hawakuweza, kisha nikapendekeza zamu ya alfajiri kwa majaribio.

Ila nadhani kilichowageuza ni cheti cha daktari. Cha awali kilitaja ugonjwa peke yake. Nilimwomba aandike saa: saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, mgonjwa asiachwe peke yake. Wakaiweka karatasi hiyo kando ya ratiba, wakaona zamu inapogongana. Majibu yalikuja kwa maandishi: zamu ya alfajiri, mapitio baada ya miezi mitatu.