Mazoezi ya kupresenti, Kisumu

Kesho binamu yangu anaenda Dunga, ule ufuo wa samaki hapa Kisumu, kuongea na chama cha kina mama wa samaki, anataka wachukue friza ya sola kwa kulipa polepole, na jioni hii tumefanya mazoezi hapa kwangu mpaka nimefurahi. Slaidi tumeziweka kando kabisa. Zilikuwa zimejaa maandishi, na mtu hawezi kusoma na kukusikiza wakati mmoja, tena pale ufuoni kwa hilo jua projekta itaonyesha nini?

Kwa hivyo tumeanza na samaki wa jana. Ngege, yaani tilapia, asipouzika asubuhi, jioni bei ni ya kutupa, ama mama anunue barafu ama akaange. Sasa sentensi yake ya kwanza si jina la kampuni tena, ni swali: "Mama zangu, jana nani alirudi nyumbani na samaki kwa beseni?" Halafu ananyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndio tumetoa jasho, kwa sababu mdomo unataka tu kujaza nafasi na "yaani" na "aaah", lakini ukiacha watu wafikirie kidogo unaona mtu anaanza kutikisa kichwa.

Mimi hiyo niliipata Toastmasters, vile vilabu vya kujifunza kuongea mbele ya watu ambavyo Ralph Smedley alianzisha Santa Ana, California, 1924, na hata Kenya viko. Kuna mtu kazi yake ni kuhesabu "aaah" zako tu, na mwingine anashika saa: kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, taa ya kijani inawaka kwa 5, njano 6, nyekundu 7. Ukimaliza mtu anasimama kukwambia kilichoshika na cha kurekebisha. Naipenda sana hiyo, sisi huku mtu akimaliza kuongea tunapiga makofi tunaenda chai.

Tulijirekodi kwa simu pia. Tukasikia sauti yake inashuka kila akifika kwa bei, kama mtu anaomba msamaha, na mnunuzi akisikia hivyo anajua hata wewe huamini bei yako. Tukaitoa mwisho tukaileta mapema, tena kwa wiki, maana mama wa soko hahesabu pesa kwa mwaka. Alirudia hiyo sentensi akiwa amesimama, mikono nje ya mfuko, mpaka ikatoka sawa na zingine.

Mwisho nikajifanya mama wa chama: "Nyathina (mwanangu), na jua lisipotoka?" Akarudia swali kwanza ili walio nyuma wasikie, akaeleza betri, na vile friza ikibaki imefungwa inashika baridi. Vizuri sana. Imebaki moja tu, ikiharibika nani anatengeneza, na hiyo usiku huu lazima apate namba ya fundi aliye hapa Kisumu, si Nairobi.