Simba wa Msitu wa Gir

Asubuhi ya Januari pale Sasan, kwenye Msitu wa Gir, jimbo la Gujarat nchini India, ni ya baridi kali. Sisi watu wa joto la Dar tulijifunika mablanketi ndani ya gari la wazi huku askari wa misitu akikagua pasipoti na kibali, jina kwa jina. Njia ya kupita msituni hupangiwa, huchagui.

Mwongozaji wetu alipogeuka kutusalimu, nilipigwa na butwaa. Sura yake ningeweza kuiona Kilwa au Bagamoyo. Ni Msidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa, na ambao leo wana vijiji vyao kandokando ya Gir. Lugha yake ni Kigujarati. Lakini nilipomuuliza ngoma ya kwao inaitwaje, akajibu: "Goma." Koo lilinikauka.

Simba niliowazoea ni wa Mikumi na Serengeti, kwenye nyasi, ambako jicho linafika mbali. Gir ni mitiki na vichaka vya miiba, na majani makavu yaliyotanda chini yana rangi ileile ya simba. Hapo macho hayatoshi. Mwongozaji alimwambia dereva, "Bhai," yaani ndugu, "zima." Tukakaa kimya. Swala mwenye madoa akalia upande wa kulia, mara moja, kisha tena.

Tuliwakuta hatua kama kumi na tano kutoka njiani: jike na watoto wawili, na dume amelala pembeni. Dume alipoinuka niliona nilichokuwa nimesimuliwa tu: ngozi iliyokunjana na kuning'inia chini ya tumbo, tangu mbele hadi nyuma, na manyoya ya shingoni yaliyo machache kiasi kwamba masikio yote mawili yako wazi. Alipiga mwayo. Mvuke ukamtoka kinywani.

Hawa ndio simba pekee wa porini waliobaki nje ya Afrika. Zamani walienea kutoka Uturuki na Uajemi hadi kaskazini mwa India. Bunduki iliwamaliza, wakasalia wachache mno katika himaya ya Nawab, yaani mtawala, wa Junagadh, aliyewalinda. Sensa ya 2025 ilihesabu 891. Nilifurahi, na bado nina hofu, kwa kuwa wote wako katika eneo moja la Gujarat. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Mwaka 2018 virusi hivyohivyo vikaua simba hapa Gir. Mahakama ya Juu ya India iliagiza mwaka 2013 baadhi yao wahamishiwe hifadhi ya Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh. Hawajahamishwa. Kwa maoni yangu, kila mwaka unaopita ni wa kubahatisha.

Tukiwa njiani kutoka tulipishana na mzee wa Kimaldhari, wafugaji wanaoishi humo msituni, amevaa nguo nyeupe, fimbo begani, nyati wake wa maziwa wakimtangulia. Alikuwa anaelekea kulekule tulikotoka. Mwongozaji akamwonyesha kwa kidole: "Savaj." Simba. Mzee akaitikia kwa kichwa, akawapigia nyati mluzi, wakahamia upande wa pili wa njia, wakaendelea na safari yao.