PF3 ya kaka

Mwishoni mwa mwaka 2012 usiku wa Kitangiri ulikuwa mzito. Oktoba 13 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi mtaani kwetu, na tangu hapo difenda za polisi zilizunguka mpaka alfajiri. Wiki chache nyuma, Septemba 2, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi kijijini Nyololo, Iringa, akiwa amezungukwa na askari. Polisi walituogopa, nasi tuliwaogopa.

Kaka yangu alikuwa kuli pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Malori ya dagaa yaendayo mbali yalikuwa yakipakiwa usiku, kwa hiyo alikuwa akirudi saa nane, saa tisa, ananuka dagaa mwili mzima. Usiku mmoja doria ikamkuta njiani. Wakamwambia akae chini, akakaa. Wakamuuliza anatoka wapi, akawaambia. Walipomwamuru apande gari akauliza, "Afande, kosa langu nini?"

Swali lile lilikuwa haki yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka anayekamata amweleze mtu sababu, tena inamkataza kutumia nguvu kupita inayohitajika. Wao wakaliona ni ubishi. "Unajifanya mjuaji?" Rungu la kwanza likatua begani. Akainua mkono kukinga kichwa, la pili likauvunja. Mengine yote alipigwa akiwa amelala chini.

Namwelewa askari aliyeingia doria huku akijua mkubwa wake ameuawa mitaa hiyohiyo. Amweke mtu chini, ampekue, ammulike tochi usoni, hayo nayaelewa. Kumpiga mtu aliyekwisha kulala chini, hana hata fimbo, hakuna hofu inayokuhalalishia.

Walimweka mahabusu mpaka kukapambazuka, wakamwachia bila kumfungulia shtaka lolote.

Hospitalini muuguzi aliutazama mkono, akauliza, "PF3 mnayo?" Fomu hiyo aliyepigwa huichukua polisi, daktari akajaza sehemu yake, kisha ikarudi polisi iwe ushahidi. Hutolewa bure. Ukikatwa panga na kibaka, utaratibu huo una maana. Sisi ulitupeleka kwenye kaunta ileile kaka aliyotoka asubuhi hiyo, tukaombe kibali cha kutibiwa kwa wenzao wa wale waliomvunja.

Pale kaunta tulimkuta askari kijana. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, kalamu mkononi, hajaandika neno. "Mama, tuandike ameanguka kwenye lori. Mtahudumiwa haraka." Aliongea kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali, maana aliamini anatusaidia.

"Mwanangu hakuanguka," mama akasema. "Andika kilichotokea."

Kijana akautazama mlango wa mkuu wa kituo, akafunga daftari, akatuambia tusubiri.

Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likapanda, mkono wa kaka umening'inizwa kwa khanga ya mama. Mjomba alikuwa ameanza kumshawishi dada yake kwamba yaishe, mradi mtoto atibiwe, na mimi, Mungu anajua, nilikuwa nakubaliana naye, kwa sababu vidole vya kaka vilikuwa vimevimba mpaka haviwezi kukunjika. Mama hakumjibu.

Zamu ilipobadilika aliingia sajini wa kike, mtu mzima. Alimpa mama shikamoo, akauangalia mkono, akauliza kuna nini. Kijana akamweleza kwa sauti ya chini. Sajini akavuta fomu, akamgeukia kaka: "Sema mwenyewe." Kaka akasema yote, saa, mahali, wangapi, nani alianza. Sajini aliandika bila kumkatiza, akagonga muhuri. "Nendeni mkatibiwe. Na kabla hamjairudisha, toeni kopi."

Wale wawili walivaa sare moja na kushika fomu ileile, na saa ile hakuna mkubwa aliyekuwa akiwaangalia. Kilichoamua ni nani yuko zamu. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Mtu aliyepigwa na polisi angepaswa kupata fomu yake kwa daktari, asiende kubahatisha kaunta. Na yule sajini alibaki kufanya kazi na wenzake aliowaandika kwa mkono wake mwenyewe. Ujasiri wa namna hiyo haupaswi kuachiwa mtu mmoja mmoja.

Kaka alifungwa plasta ngumu, POP. Fomu tuliirudisha, tukabaki na kopi. Mama alifuatilia kwa miezi: mpelelezi hayupo, jalada liko kwa mkuu, njoo Jumatatu. Hakuna aliyetuita kuandika maelezo. Siku moja tulimkuta Mwaloni yule aliyemvunja, ananunua sato. Kaka alimtambua, yeye hakumtambua kaka.

Mkono uliunga vibaya, haubebi gunia. Sasa anauza kamba na nyavu palepale sokoni, na vijana wa kupakia wakimuuliza wafanye nini doria ikiwasimamisha, huwaambia wakae chini, wakariri namba ya gari, na waulize kosa lao.