Nilivyogoma kumlipa Wojtek mlangoni kwa Wojciech

Poznań, mji wa Poland, nilikaa siku tano kwenye kozi, hakuna cha kusimulia, ni viti na kahawa tu. Jumamosi nikapanda treni kwenda Gniezno, mji ambao wenyewe wanauita mji mkuu wao wa kwanza. Sijakaa sawa nishalipia choo cha stesheni. Kulipia choo nimezoea, ila sio bei ile.

Chumba nilibuku kwa intaneti, mwenye nyumba kaandikwa Wojciech. Nafika mlangoni pamefungwa, kamvua kanaanza, mara meseji inaingia: mimi Wojtek, tuma zloti 60 (hela ya kule) za usafi nikupe namba ya kufungulia mlango. Nikacheka peke yangu. Jamani mimi natoka Arusha, nimeshatumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara ngapi? Nikamjibu nimebuku kwa Wojciech, Wojtek simjui. Akaandika, Wojciech ndo mimi. Nikasema ehee, sasa mwizi kashtuka anabadilisha jina! Nikamblock.

Nikasimama pale kama saa nzima na kijaketi changu cha mtumba, upepo unapita mpaka kwenye mbavu, huku napiga hesabu ya hoteli, na hoteli ya bei rahisi kuliko zote ilikuwa inakula hela yangu yote ya zawadi. Kumbe mwenye nyumba yupo juu ghorofani ananichungulia dirishani muda wote. Mwisho akashuka, mzee wa makamo, ndala za manyoya miguuni, anacheka mpaka machozi. Wojtek ni Wojciech, ni kifupi chake tu. Niliona aibu maana kwetu nani asiyejua Dula ni Abdallah na Mudi ni Mohamed? Zloti 60 alizichukua lakini, hakusamehe hata moja.

Akanivua viatu, akanipa ndala za wageni na chai, ndo stori zikaanza. Jina lenyewe ni maneno mawili ya kale, askari na furaha. Mtakatifu wao Wojciech alikuwa askofu kutoka Bohemia, akaenda kuwahubiria Waprusi, watu waliokuwa bado wapagani, wakamuua mwaka 997, na mtawala wa Poland, Bolesław, inasemekana aliukomboa mwili kwa dhahabu ya uzito uleule. Kesho yake alinipeleka kanisa kuu kuona milango ya shaba ya karne ya 12, picha 18 za maisha ya huyo mtakatifu, mpaka ile ya mwili kupimwa kwenye mizani. Nje ya Poland huyohuyo anaitwa Adalbert. Hapo mimi ningeblock wote watatu.

Mzee anasema baba yake alimpa jina kwa ajili ya huyo mtakatifu, ila alipokuwa kijana jina likawa na uchungu, maana jenerali aliyetangaza sheria ya kijeshi tarehe 13 Desemba 1981 naye alikuwa Wojciech, Jaruzelski. Wajukuu zake sasa wakisikia Wojtek wanawaza dubu tu. Ni dubu kweli, wanajeshi wa Poland walimpata Iran mwaka 1942 akiwa mtoto, wakamwandikisha jeshini, akabeba masanduku ya mabomu vita ya Monte Cassino kule Italia, akafia zuu ya Edinburgh 1963. Mimi nikamwambia namjua Wojciech mmoja tu, Szczęsny, kipa wa Arsenal enzi zile, kibanda umiza tulikuwa tunamwita Chezni. Akacheka tena, Szczęsny nalo ni neno la zamani la mtu mwenye bahati.

Iliponiingia ni pale aliposema njia ileile ya Iran ndo walipita wakimbizi wa Poland wa vita ya pili ya dunia walioletwa Afrika, wengine Tanganyika. Nikamwambia Tengeru! Makaburi yao yapo, mimi nyumbani ni hapo juu kidogo, napita na daladala kila siku. Akaniuliza, kuna Wojciech yeyote amezikwa pale? Nikakaa kimya. Kutoka Arusha mpaka Gniezno nimefika, pale ndani sijawahi kuingia.

Akaniomba nikapige picha majina. Nimerudi wiki ya pili sasa, meseji zake mbili hazijajibiwa, na safari hii sijamblock.