Kaunta Buku Langu Lilivyofika Cape Town

Basi liliondoka Park Station, Johannesburg, saa kumi na moja jioni. Mbele yetu zilikuwapo kilomita kama 1,400 za barabara ya N1, na mapajani nilikuwa nimepakata kaunta buku lenye majina ya wahitimu wetu. Nafanya kazi ofisi ya wahitimu ya chuo kimoja Dar es Salaam. Nawatafuta waliosoma kwetu, nawaomba wachangie. Kazi hii sikuisomea. Nilikabidhiwa funguo za kabati na hilo buku.

Ukurasa wa 31 una jina la mzee aliyetoa shilingi 200,000 za madawati. Nilimkatia risiti, basi. Miaka mitatu baadaye nikampigia kumwomba tena. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, zile za kwanza zilinunua nini?" Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonipandisha basi.

Nilikuwa naelekea Inyathelo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002 kuwasaidia watu wa kazi yangu Afrika Kusini. Jirani yangu kwenye kiti, mama wa Khayelitsha, pembezoni mwa Cape Town, aliliona jina hilo kwenye barua yangu. Akainua mguu, akakanyaga sakafu ya basi: kwa Kixhosa chake, inyathelo, hatua. Kisha akaugusa mguu wenyewe: unyawo. "Mama, kwetu ni unyayo!" nikamwambia, na tangu hapo tukagawana kuku wake wa kukaanga mpaka Bloemfontein.

Kulikucha tukiwa Karoo. Nchi tambarare, kavu, vichaka vifupi, na hapa na pale pangaboi la kuvuta maji limesimama peke yake. Beaufort West tulikunywa chai. Ndiko alikozaliwa Christiaan Barnard, daktari aliyeongoza upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967. Baadaye yakaja mashamba ya mizabibu ya bonde la Hex River, halafu handaki la Huguenot, karibu kilomita nne chini ya mlima. Tulipotokea upande wa pili jua lilikuwa kali, na saa sita mchana nikauona Mlima Meza.

Woodstock, nilikokwenda, ni mtaa wa karakana na maghala ya zamani. Huko nilijifunza kwamba tangu mwaka 2006 Inyathelo ilishirikiana na mfuko wa Kresge wa Marekani kuzijenga ofisi za uchangishaji, zikiwamo za vyuo vikuu kama Wits na Western Cape. Fedha hazikwenda kwenye majengo. Zilikwenda kwa watu: kuwaajiri, kuwafundisha, kuwapa mifumo ya kumbukumbu. Kuanzia takwimu za mwaka 2013 kukawa na utafiti wa kila mwaka: vyuo vimepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, na ofisi zina wafanyakazi wangapi. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Maendeleo ya mwaka yanapimwa pia kwa idadi ya watu waliokaa kwenye viti vyao.

Nikakumbuka vikao vyetu vya harusi. Mweka hazina anasoma nani ametoa, nani ameahidi, ukumbi umelipiwa kiasi gani, na mwisho wa yote kamati inavunjwa kwa hesabu mezani. Watu wetu wanachanga bila kuchoka kwa sababu wanaona fedha yao ilipofikia. Chuoni tuliwaomba bila kuwapa hilo, kisha tukawaita wagumu. Naumia kila nikifikiria.

Siku ya pili, wakati wa chakula cha mchana, nilimpigia mtunza stoo wetu kumuuliza zile fedha za mzee zilinunua nini. Akanirudia baada ya nusu saa: madawati manne, darasa la tatu upande wa maktaba, yote yanakaliwa. Nilimwomba ayapige picha wanafunzi wakiwa wameketi. Jioni ile, nikiwa bado Woodstock, nikamtumia mzee. Akajibu usiku: "Dirisha lile la pichani nalikumbuka. Mimi nilikaa hapo hapo."

Nikafungua ukurasa wa 31, nikayaandika maneno yake chini ya jina lake.