Siku Nilipokabidhiwa Kiraka cha Dada

Mwaka 2016 nilikuwa najifunza kuandika programu katika ofisi ndogo mjini Morogoro. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa mikopo wa chama cha kuweka na kukopa. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, niliijua kwa amri chache tu za kuhifadhi na kutuma kazi. Viraka vyangu vyote, yaani mafungu ya mabadiliko niliyotaka yaingizwe kwenye mfumo, vilipita kwa dada mmoja aliyetuongoza, naye alivisoma mstari kwa mstari kama mtu anayekagua hati ya shamba kabla ya kulinunua. Siku hiyo akanipa chake.

"Mdogo wangu, nipitie hiki. Usiponijibu, sikiingizi."

Kilikuwa kirefu. Katika kiraka, mistari iliyoondolewa huanza na alama ya kutoa na iliyoongezwa huanza na ya kujumlisha. Juu na chini ya kila badiliko huachwa mistari mitatu isiyoguswa, ili msomaji ajue yuko wapi. Hapa karibu faili zima lilikuwa limeondolewa na kurudishwa. Nilisoma toka juu hadi chini, nikarudia, nisione kilichobadilika zaidi ya nafasi za mwanzo wa mistari. Maelezo yalisema tu: "Rekebisha riba."

Nikapekua mwongozo, nikakuta git diff -w, amri inayoonyesha mabadiliko bila kujali nafasi tupu. Nilipoiendesha, kurasa zote zile zilibaki mstari mmoja uliotoka na mmoja ulioingia. Zamani mkopo uligawanywa kwa 1200 kwanza (miezi 12 mara 100 ya asilimia), ndipo ukazidishwa kwa asilimia ya riba ya mwaka. Sasa ulizidishwa kwanza. Nikachukua kikokotoo. Mkopo wa shilingi 250,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka unapaswa kutoa riba ya 3,750 kwa mwezi. Mfumo wetu ulihesabu kwa namba kamili na kutupa desimali: 250,000 ukigawanya kwa 1200 ulipata 208, ukazidisha kwa 18 ukapata 3,744. Shilingi sita zilipotea kila mwezi kwa mkopo mmoja tu, na hizo ni fedha za wanachama, wengi wao mama wa sokoni.

Hesabu mpya ilikuwa sahihi kabisa. Kilichonikera ni kwamba haikuonekana. Mtu akija baadaye kuuliza mstari ule ulibadilika lini na kwa nini, git blame, amri inayoonyesha kila mstari ulibadilishwa na nani na lini, ingemwonyesha faili karibu lote limebadilishwa siku moja, kwa maneno mawili ya maelezo. Na kama tungelazimika kukiondoa kiraka, mpangilio wa faili ungeondoka nacho.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kuandika, maana kumkosoa mkubwa si jambo nililozoea. Hatimaye nikaandika: "Shikamoo dada. Hesabu iko sawa, nimeijaribu. Naomba mpangilio wa nafasi uwe kiraka chake peke yake, na maelezo yaseme kwa nini tunazidisha kwanza."

Akasogeza kiti mpaka mezani kwangu. Akalirudia faili la zamani, akabadilisha mstari ule mmoja, akauhifadhi kama komiti, yaani badiliko moja lililorekodiwa kwenye historia ya Git. Kisha akapanga nafasi, akahifadhi komiti ya pili. Katika maelezo ya ile ya kwanza aliandika mfano wangu wote, pamoja na 3,744 na 3,750. Chini yake akaongeza mstari wa Reviewed-by, yaani "imepitiwa na", wenye jina langu, kama wafanyavyo wajenzi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambao Git ilitengenezwa kwa ajili ya kazi yao mwaka 2005.

"Sasa ikiharibika, tutaitwa wote wawili," akasema.

Akanieleza kwamba ile namba ndefu ya komiti, yenye tarakimu na herufi 40, hukokotolewa kutokana na mafaili, maelezo na komiti iliyotangulia. Mtu akilifuta jina langu pale, namba hiyo itabadilika, na za komiti zote zinazofuata pia. Nilimwomba anionyeshe, tukajaribu kwenye nakala ya pembeni mpaka walinzi walipokuja kufunga ofisi.

Kesho yake akanipa kiraka cha mwenzetu mwingine, kilichogusa marejesho ya mikopo. Nilianza kusoma maelezo.